Mgeni Alale Wapi Butiama?

Mgeni anayekwenda Butiama siku hizi hufika kabla ya adhuhuri na kuondoka kabla ya alasiri. Gari huacha lami kuu ya Mwanza na Sirari pale Makutano, likapita kati ya mashamba ya mihogo na miamba iliyobebana, likafika Mwitongo. Hapo mgeni huzuru kaburi la Mwalimu Nyerere, huingia makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1999, hutazama vitu vya Mwalimu na zawadi alizopewa, hupiga picha, kisha hugeuza. Usiku humkuta Musoma au Bunda, katika chumba chenye feni na runinga ambacho kingeweza kuwa Kahama au Singida bila yeye kugundua tofauti.

Naliona jambo hilo kuwa hasara, na siyo ya fedha tu. Nyumba yenye historia haijulikani kwa kuzungukwa mchana. Hujulikana alfajiri, mtu anaposikia kuku na mfagio, na usiku, wenyeji wanapoanza kusema yale ambayo hawayasemi mbele ya kamera. Kwa hiyo nataka mgeni alale. Lakini alale wapi, kwa nani, na fedha yake iingie mfuko gani? Hoja zinazogongana hapa zina uzito kila upande, nikaona nizipe sauti nne badala ya kuzibeba peke yangu. Mzee ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Mzanaki wa Butiama. Mama ana gesti Bunda, karibu na stendi. Kijana huongoza wageni. Fundi ni mwashi wa Musoma ambaye amekarabati nyumba za wazee kwa muda mrefu. Majina sikuwapa, maana ni sauti nilizozitunga mwenyewe kutokana na hoja zinazosikika mkoani Mara.

KIJANA: Shikamoo Mzee. Shikamoo Mama. Naomba nianze kwa kusema wazi ninachokitaka. Pale Mwitongo pana nyumba ambayo Mwalimu alikaa miaka mingi, na pana ile kubwa aliyojengewa na jeshi, ambayo hakuikaa sana kabla hajafariki Oktoba 1999. Wageni wananiuliza kila mara, je, tunaweza kulala humu? Nami sioni kwa nini tusitenge hata vyumba viwili. Zanzibar, jumba la tajiri Tharia Topan pale Hurumzi limekuwa hoteli. Hispania, serikali yenyewe tangu mwaka 1928 inalaza wageni katika ngome na nyumba za watawa za kale, na mapato yanatunza majengo hayo. Sisi tuna nini cha kuogopa?

MZEE: Marahaba mwanangu. Cha kwanza, ile ni nyumba ya watu. Familia ipo. Umezoea kupita na wageni hata ukasahau kwamba unapita uani kwa mtu. Cha pili, pale kuna makaburi, la Mwalimu na ya wazazi wake, Chifu Nyerere Burito na Mama Mgaya. Kwetu Wazanaki, kama ilivyo kwa majirani zetu Waikizu na Wakurya, mji wenye makaburi ya wazee haukodishwi. Unatembelewa, unaombewa ruhusa, unanyamaziwa.

KIJANA: Nimekubali hilo la familia, Mzee. Lakini kama wao wenyewe wakikubali?

MZEE: Basi nina la tatu, na hilo halihitaji idhini ya mtu. Wewe umesoma Azimio la Arusha?

KIJANA: Tulilisoma kwenye uraia.

MZEE: Lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Mle ndani kuna miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Na mwiko mwingine, sikiliza vizuri, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nyumba ya kupangisha! Mtu aliyewazuia mawaziri wake wasipate hata shilingi ya kodi ya chumba, leo tumtundikie bei mlangoni: chumba cha Mwalimu, na chai ya asubuhi ndani yake. Hapana, mwanangu. Hata kama sheria inaruhusu, ni kumgeuzia mtu maneno yake kinywani.

MAMA: Mzee, hapo umenigusa. Mimi nimesomesha watoto kwa vyumba vya kupangisha. Ukisema kupangisha nyumba ni dhambi, mimi nitakaa wapi?

MZEE: Sikusema dhambi, mama yangu. Miiko ile ilikuwa ya viongozi. Wewe hujawahi kushika muhuri wa serikali. Chumba chako ni jasho lako. Mwalimu hakuwa na ugomvi na mwenye gesti. Ugomvi wake ulikuwa na mtu anayepitisha sheria asubuhi na kupokea kodi jioni.

KIJANA: Lakini miiko hiyo ililegezwa, Mzee. Azimio la Zanzibar la 1991 lilifungua mlango. Leo viongozi wana hoteli.

MZEE: Lililegezwa na chama, na yeye alikwisha kuacha uenyekiti mwaka mmoja kabla. Wewe unataka tumpe nyumba yake kazi aliyoikataza, kwa ruhusa ambayo hakuitoa.

Katika hili niko upande wa Mzee bila kusita. Kuna majengo ambayo thamani yake imo katika kukataa kwake kuuzwa, na nyumba ya Mwitongo ni mojawapo. Naongeza sababu nyingine ambayo Mzee, kwa adabu, hakuitaja. Tangu mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilipofungua mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa mwenye heri, Butiama imekuwa pia mahali pa sala. Waumini wanafika kwa maombi, na Uganda kila mwaka huwekwa siku ya kumwombea pale Namugongo, mahali pa hija. Hija ina usiku wake, hilo ni kweli, maana mahujaji wa Namugongo hulala kwenye nyasi na katika nyumba za jirani wakiusubiri mwezi wa Juni, siku ya tatu. Lakini hulala pembeni ya patakatifu, hawalali ndani.

Neno hilo, pembeni, ndilo nililotaka tulifikie. Kijana alidhani amekwisha kushindwa, kumbe mlango wake ulikuwa ndio kwanza unafunguliwa, na aliyeufungua ni Fundi, ambaye alikuwa kimya.

FUNDI: Mimi sijui miiko. Najua kuta. Naomba niwaambie nyumba inavyokufa. Chukua nyumba ya msonge ya nyasi, kama walizojenga babu zetu huku. Moto upo katikati. Moshi unapanda, unapita kwenye nyasi, unatoka polepole. Ukiingia unawasha macho, lakini moshi huo ndio dawa. Unakausha nyasi baada ya mvua, unawafukuza wadudu, unaweka masizi kwenye miti ya paa mpaka inakuwa nyeusi na ngumu. Nyumba inayopikiwa inadumu. Sasa ifanye makumbusho. Weka kamba mlangoni, andika usiguse. Moto umezimwa. Mvua ya kwanza nyasi zinaloa na hazikauki, mchwa wanapanda kwenye nguzo, na baada ya misimu michache paa linakaa kama kofia iliyopondwa. Halmashauri inalilia bajeti ya kuezeka upya. Hakuna aliyeiharibu. Imekosa mtu tu.

KIJANA: Na za bati?

FUNDI: Hizo zinakufa kwa njia nyingine. Nyumba ya bati isiyo na mtu inahamiwa na popo darini. Mkojo wa popo unakula mbao na silingi bodi. Gata linaziba kwa majani, hakuna wa kuliondoa, maji yanafuata ukuta. Mwenye nyumba angesikia tone usiku na kupanda ngazi asubuhi. Mlinzi wa makumbusho anaondoka saa kumi na moja jioni, tone hilo halisikii.

Nimelisikiliza jambo hili kwa mafundi wa sehemu nyingine pia, na wote husema hivyo hivyo. Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu kubwa tarehe 25 Desemba 2020 likaua watu wawili, wakati wa ukarabati. Lilikuwa makumbusho, na kwa miaka mingi lilikuwa limefungwa. Sisemi kwamba lingekuwa na wapangaji lisingeanguka. Jengo kubwa la mawe ya matumbawe na boriti lina matatizo yake. Nasema kwamba jengo linalokaliwa lina mtu anayeona ufa ukiwa mwembamba.

MAMA: Sasa naona mnapokwenda. Mnataka wageni walale kwenye nyumba za watu.

KIJANA: Ndiyo, Mama. Kama si Mwitongo, basi kwa majirani. Butiama kuna miji ya wazee, kuna nyumba za matofali za miaka ya hamsini na sitini. Mwalimu mwenyewe aliporudi kutoka Edinburgh alijenga nyumba Butiama kwa mikono yake, kabla hajakwenda kufundisha Pugu mwaka 1953. Watu walishangaa msomi wa digrii anakanyaga udongo wa matofali. Mgeni akilala katika nyumba ya rika hilo, ya udongo uleule, akaamka akaona mwenyeji anakwenda shambani, atakuwa ameelewa kitu ambacho kabati la vioo halimwelezi.

MZEE: Hapo sasa unazungumza. Sisi tuna ile methali ya mgeni na jembe. Mwalimu aliitumia alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962. Mgeni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Watu wanadhani ni ya kumfukuza mgeni. Siyo. Ni ya kumfanya mwenyeji. Huwezi kumpa jembe mtu aliyelala Musoma.

MAMA: Mzee, maneno mazuri. Na choo?

Kicheko kilichofuata nakiacha, lakini swali la Mama silidharau hata kidogo. Yeye ndiye pekee kati ya wanne anayepokea wageni kila usiku, na nilimwomba aseme kwa kirefu.

MAMA: Mnazungumza kama watu ambao hawajawahi kugongewa mlango saa saba usiku na mtu mwenye tumbo la kuhara. Mgeni anataka maji, mengi, na ya moto asubuhi. Anataka choo ndani, siyo nyuma ya zizi la ng'ombe. Anataka chandarua kisicho na tundu, kwa sababu huku ni kanda ya ziwa, malaria hatuna utani nayo. Anataka kufunga mlango wake kwa ufunguo. Anataka kuchaji simu. Ukimpa vyote hivyo, ndipo atakaposikia hadithi yako ya mwaka hamsini na tatu. Usipompa, atakumbuka choo tu. Na siyo Mzungu peke yake. Wateja wangu wengi ni Watanzania, watu wa Mwanza, Tarime, walimu wanaokwenda usaili, wafanyabiashara wa dagaa. Wao ndio wanaokwenda kuzuru Butiama kwa wingi tarehe 14 Oktoba. Hao wakisikia nyumba ya kihistoria wanaelewa nyumba chakavu. Wametoka kwenye nyumba ya udongo, wamehangaika wakajenga ya blok, leo uwalipishe walale kwenye udongo?

KIJANA: Kwa hiyo historia ni ya Wazungu?

MAMA: Sijasema hivyo. Nasema usichanganye historia na shida. Mama yangu alipikia moshini, macho yake yakaharibika. Huyu Fundi anasifia moshi kwa ajili ya nyasi. Nani alisifia macho ya mama yangu?

Sentensi hiyo ya mwisho imenisumbua kuliko nyingine zote. Fundi ana haki kuhusu paa, na Mama ana haki kuhusu macho, na mjadala wowote wa nyumba za kale usiokuwa na nafasi ya macho ya mwanamke aliyepika mle ndani ni mjadala wa watu wanaotazama nyumba kutoka nje. Mambo yote mawili yanaweza kutunzwa kwa pamoja, lakini kwa gharama na kwa akili. Jiko la kupikia lihamie banda lenye bomba la moshi, na nyumba ya msonge iwashiwe moto wa jioni kwa saa chache, mlango wazi, kwa ajili ya paa na mazungumzo. Huo ni moto wa kutunza jengo. Usigeuzwe tena mzigo wa mtu mmoja.

Baadaye Kijana alitaka tushuke Musoma, na hapo mjadala ulipata uzito wa sheria.

KIJANA: Musoma ni mji wa historia, lakini mgeni anaulala kama mji wa kupita. Mwisenge ndiyo shule aliyoanza Mwalimu mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, mtoto wa chifu aliyetoka Butiama umbali wa zaidi ya kilomita 40. Nyegina kuna misheni ya tangu 1911, na hapo ndipo alipobatizwa Desemba 1943 akapewa jina Julius. Mji huuhuu ulipitisha Azimio la Musoma Novemba 1974, lililosukuma elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977. Mimi mwenyewe ni mjukuu wa azimio hilo, bibi yangu alijifunza kusoma wakati ule. Tena kuna zile nyumba za maduka za Wahindi upande wa mjini, zenye baraza mbele, ua nyuma, milango ya mbao mizito. Zinabomolewa moja moja, yanajengwa maghorofa ya vioo. Nyumba ile ingekuwa Zanzibar ingekuwa na bango la hoteli.

FUNDI: Nyumba zile nazijua kwa ndani. Zina kuta nene, dari liko juu, madirisha yanapishana, upepo wa ziwa unapita. Ndani kuna baridi hata Februari. Lakini uliza za nani.

MZEE: Za Msajili.

FUNDI: Ndiyo. Mwaka 1971 ikatoka sheria ya kutaifisha majengo. Jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja ambalo mwenyewe hakulikalia lote, serikali ilichukua. Wakawekwa wapangaji, kodi kwa Msajili wa Majumba, baadaye mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Sasa mpangaji wa shirika atapaka chokaa ukuta usio wake kwa faida ya nani? Na shirika lina majumba nchi nzima, litaikumbuka baraza ya Musoma lini? Nyumba ikikosa mwenye uchungu, inakufa hata ikiwa na watu ndani.

Huyo ni Fundi akijisahihisha bila kutangaza. Mwanzo alisema nyumba hufa kwa kukosa mtu. Sasa anasema inaweza kufa ikiwa imejaa watu, wote wakiwa wapitaji. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha suala zima, kwa sababu gesti pia ni nyumba ya wapitaji. Kama nyumba ya kale itageuzwa ya kulaza wageni, lazima pawe na mtu mmoja ambaye bati likivuja analala vibaya, na mtu huyo ndiye awe na hati.

Na tusijidanganye kwamba sheria ya malikale itatuokoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mara, sehemu kubwa ya tunachokizungumzia imekuja baadaye. Misheni ya Nyegina ni ya 1911. Maduka ya Musoma ni ya wakati wa Waingereza. Nyumba za Butiama ni za juzi kwa hesabu hiyo. Ili jengo kama hilo lilindwe, lazima waziri alitangaze, na kutangaza kunahitaji mtu wa kuomba, ramani, na muda ambao tingatinga halina. Kwa waasisi wawili wa taifa, Nyerere na Karume, ipo sheria ya mwaka 2004 ya kuwaenzi. Kwa jirani wa muasisi hakuna sheria. Baraza ya Musoma ina ulinzi mmoja tu, nao ni mwenyewe kuona kwamba ikisimama inamlipa kuliko ikianguka. Ndiyo sababu nasisitiza usiku wa mgeni. Ni kodi ya kutunza ukuta, inayolipwa na mtu aliyekuja kuuona.

MZEE: Lakini tuliwahi kujaribu, hapahapa Mara. Ikoma. Boma la Wajerumani upande wa Serengeti, miaka ya sitini liligeuzwa hoteli. Wazungu wakalala kwenye ngome ambayo babu zetu waliijua kwa kiboko. Leo hoteli haipo.

KIJANA: Ilikufa na mazingira yake, Mzee. Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, wageni waliokuwa wakitoka Nairobi wakakatika.

MZEE: Hiyo ni sababu moja. Mimi naona nyingine. Wanakijiji waliozunguka boma lile walikuwa wanaingia kama watumishi tu. Hoteli ilipokufa hakuna aliyelia, kwa sababu haikuwa ya mtu wa pale. Nyumba ya mtu wa pale ikikosa wageni mwaka mmoja, mwenyewe anarudi anaikalia. Ngome ikikosa wageni inabaki popo.

MAMA: Na ikifanikiwa sana je? Hilo hamlisemi. Mteja wangu mmoja alitoka Lamu. Anasema nyumba nzuri za kule Shela wamezinunua watu wa Ulaya, wenyeji wamehamia pembeni, wanakuja asubuhi kufua mashuka. Nyumba imetunzwa, tena imetunzwa vizuri kuliko zamani. Mwenyewe ndiye hayupo.

Hofu ya Mama ni ya kweli, na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, una mitaa ambamo jioni unasikia lugha zote isipokuwa watoto wakicheza kwa Kiswahili. Sisi Mara tuna bahati ya kuanza tukiwa tumechelewa. Sheria ya ardhi ya Tanzania haimruhusu mgeni wa nje kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji hatimiliki ya kimila kupitia Halmashauri ya Kijiji. Kwa hiyo panapowezekana, hati ipatikane kwanza, kitanda kiingie baadaye. Mwekezaji akija na mkataba wa miaka thelathini na tatu kabla kaya haijawa na hati, hiyo si nyumba ya wageni tena, ni Shela nyingine isiyo na bahari.

Kuna pendekezo moja ambalo limeshabikiwa sana nami nalikataa, nalo ni la kujenga kijiji cha utamaduni kando ya barabara: misonge ya saruji iliyovalishwa nyasi, vitanda vya ukubwa wa kifalme, ngoma saa mbili usiku. Kijana alilitetea kwa muda, akasema lina choo na halimsumbui mtu. Mzee alimjibu kwa sentensi moja, kwamba kijiji ambacho hakuna aliyewahi kuzaliwa wala kufiwa ndani yake hakina la kumsimulia mgeni. Sina la kuongeza.

MAMA: Sawa. Tuseme nimeshawishika kidogo. Nieleze mimi wa Bunda napata nini. Bunda ni mji wa barabara, sisi hatuna chifu aliyezikwa wala azimio.

KIJANA: Mama, wewe una kitu ambacho Butiama hawana. Unajua kulaza wageni. Unajua shuka ngapi kwa chumba, sabuni kiasi gani, nani wa kumkatalia mlangoni. Akina mama wa Butiama waje kwako wajifunze wiki mbili. Na wageni wanaokwenda Serengeti wakipitia Ndabaka, wewe uwaambie wabaki siku moja zaidi.

MAMA: Nikiwapa wateja wangu?

KIJANA: Ukiwapa usiku mmoja, wao wanarudi kwako usiku wa pili wakitoka mbugani. Leo wanakupita kabisa.

MAMA: Hapo ngoja nipige hesabu. Lakini nataka na jambo moja la kitabu. Sisi gesti zote tuna kitabu cha wageni. Mgeni anaandika jina, kabila, anatoka wapi, anakwenda wapi. Tunamuuliza yeye kila kitu. Nataka kila nyumba ya Butiama au Musoma itakayoingia katika mpango huu iwe na daftari lake la pili. Ilijengwa na nani, mwaka gani, udongo ulitoka wapi, nani alizaliwa chumba kipi, nani alipika. Mgeni akisaini kile, asome hiki.

MZEE: Hilo nalichukua. Nitaandika mimi. Wanafunzi wangu wa zamani wengine bado wako hai, watanisaidia kuuliza. Ila sharti langu libaki palepale. Mwitongo hapana. Na wageni wakija kulala kwa jirani, watembee kwa miguu hadi kaburini, wasipelekwe na gari hadi mlangoni.

KIJANA: Na fedha, Mzee? Halmashauri itataka ushuru wake wa nyumba za kulala wageni.

MZEE: Ilipwe. Mwalimu hakupenda wakwepa kodi. Lakini sehemu ibaki kwenye kaya, na sehemu iende kwenye mfuko wa kuezeka. Kiasi gani, tugombane leo.

Waligombana kweli, na hawakukubaliana. Mama alitaka robo tatu ibaki kwa mwenye nyumba, kwa sababu yeye ndiye anayeamka usiku. Mzee alitaka nusu kwa nusu. Kijana alitaka asilimia yake ya kuleta wageni itajwe kwenye karatasi, na nadhani ana haki, kwa sababu asipotajwa atajitafutia pembeni, na hapo ndipo mipango mingi ya namna hii inapooza. Mimi niko karibu na Mama. Aliye na mzigo wa usiku apate zaidi, mradi mfuko wa paa usiguswe kwa jambo jingine lolote, hata msiba.

FUNDI: Wakati mnagawana fedha ambayo haijaingia, mimi nina ombi. Nyumba tatu za kwanza mtakazochagua, nipeni miezi miwili kabla ya masika. Nyingi zimepigwa lipu ya saruji juu ya matofali ya udongo. Watu walidhani wanaziimarisha. Saruji haipumui, maji yakipanda kutoka msingini yanakosa pa kutokea, tofali linalainika nyuma ya lipu, na siku moja ukuta unakaa chini. Kwa nje unaona nyumba nzuri. Kwa hiyo kabla ya vitanda, kabla ya vyandarua vya Mama, nitabandua saruji yote, niache ukuta ukauke, nichimbe mfereji wa kutoa maji kuzunguka nyumba, halafu nipige udongo na chokaa. Itaonekana mbaya kwa wiki kadhaa. Wenye nyumba watanilaumu. Mzee, naomba ukae nao uwaeleze mapema.

MZEE: Anza na ya kwangu.